Kifafa na Kuondokewa na Ufahamu: Aliyeanguka ni Amana Yetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa masikio na macho na moyo wa kufahamia, kisha akamtukuza kwa akili. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zetu Waislamu, katika neema alizotupa Mola wetu, ambazo hatuzikumbuki ila zinapoondoka, ya kwanza ni ufahamu. Mtu akipoteza mali hujua kuwa amepoteza. Akivunjika mguu husikia maumivu. Lakini aliyeondokewa na ufahamu hajui hata kuwa umeondoka. Mwili wake uko mbele ya watu, na mwenyewe hayupo. Wote wamtazama, na yeye hamtazami yeyote. Wakati huo heshima yake, na usalama wake, na maneno yatakayosemwa juu yake kesho, yote yamo mikononi mwa wale walio karibu naye.

Kwa hivyo twataka leo tuseme juu ya ugonjwa wa kifafa: ni kitu gani kinachotokea ndani ya kichwa cha mgonjwa hata ufahamu ukamwondoka, sharia yetu yamhukumu vipi mtu aliye katika hali ile, na ni haki gani anazotudai. Twasema haya kwa kuwa katika miji yetu ya mwambao, tangu Lamu hadi Vanga, haki hizo zapotezwa sana, na aghlabu ya wanaozipoteza ni watu wema wasiokusudia ubaya.

Dasturi yetu yajulikana. Mtu akianguka, akakakamaa, akatukutika na kutokwa na povu, watu hugawika makundi mawili. Kundi moja hukimbia, kwani wameambiwa tangu utotoni kwamba povu lile au pumzi zile huambukiza. Watamwacha hata akiwa ameangukia jikoni penye moto. Kundi la pili husogea, lakini husogea kwa mambo yasiyofaa: huyu amtia kijiko baina ya meno, yule amkalia miguu, mwingine amwekea kiatu puani, na mwingine aanza kumsaili, "Wewe ni nani? Watoka wapi? Wataka nini?" Wala hamsaili mgonjwa, amsaili pepo. Kesho yake huitwa fundi, zikatajwa pete na kuku na ngoma za siku kadhaa. Na mzazi ambaye jana hakuwa na nauli ya kwenda hospitali, leo auza mbuzi wake apate kulipa ngoma. Na mgonjwa akiwa mtoto wa kike, huongezwa neno jingine: huyu haolewi. Akiwa wa kiume, husemwa: huyu asipelekwe chuoni wala skuli, asije akatuaibisha mbele za watu.

Basi na tumtazame Mtume wetu (S.A.W.) alifanyaje. Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba Ibn Abbas (R.A.) alimwambia mwanafunzi wake Ata bin Abi Rabah kuwa atamwonyesha mwanamke katika watu wa Janna; akamwonyesha bibi mmoja mweusi. Bibi yule alikuwa amemwendea Mtume (S.A.W.) kumweleza kwamba yeye huangushwa na ugonjwa, na anapoanguka nguo humfunuka, akataka aombewe kwa Mwenyezi Mungu. Mtume akamhiyarisha: akipenda asubiri, na malipo yake yatakuwa ni Janna, na akipenda, atamwombea apate afya. Bibi akachagua kusubiri, lakini akaomba jambo moja: aombewe asifunuke. Naye Mtume akamwombea hilo.

Zingatieni, ndugu zangu, yaliyomo katika hadithi hii. Kwanza, mwanamke yule alisema ugonjwa wake waziwazi kwa Mtume, wala hakuona kuwa ni aibu ya kufichwa, naye akasikizwa. Pili, hapana ngoma ndani yake, wala kupigwa, wala kufukizwa, wala kusailiwa. Tatu, na hili ndilo tunalotaka lishike moyoni, kuanguka kwenyewe bibi yule aliweza kukustahimilia; kilichomuumiza ni yale yanayoupata mwili wake katika muda ambao hana ufahamu wa kuuhifadhi. Nne, miaka ilipopita, Ibn Abbas hakumtambulisha kwa jina la maradhi yake. Hakusema, yule ni mwenye kifafa. Alisema ni mtu wa Janna. Je, sisi twawatambulisha vipi wagonjwa wa mitaani kwetu?

Huenda mtu akadhani kwamba kusema kifafa ni maradhi ya mwili ni maneno mapya yaliyoletwa na Wazungu. Sivyo. Waarabu waliuita ugonjwa huu sar'u, yaani kuangusha. Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, aliuweka katika kitabu chake Al-Qanun pamoja na maradhi ya kichwa na ubongo, akausema kwa sababu zake na dawa zake kama alivyosema maradhi mengine. Naye Ibn al-Qayyim, aliyekufa mwaka 1350, alieleza katika Zad al-Ma'ad kwamba kuanguka ni kwa namna mbili: namna itokayo kwa roho ovu, na namna itokayo katika mwili wenyewe, na hii ya pili ndiyo wanayoisema matabibu na kuitafutia dawa. Na kabla ya wote hao, yapata miaka 400 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), kiliandikwa kitabu cha Wayunani kilichonasibishwa kwa Hippocrates, kikisema kwamba ugonjwa huu ambao watu waliuita mtukufu hauna utukufu kuliko maradhi mengine, na asili yake ni ubongo.

Sasa tueleze waliyoyapata matabibu baada ya hao, kwani elimu yenye manufaa ni kitu kilichompotea Muumini, naye akiipata popote ana haki nayo.

Ubongo wa mwanadamu una chembe za neva zipatazo bilioni 86. Chembe hizi husemezana kwa nguvu ndogo za umeme na kwa dawa zinazotengenezwa na mwili wenyewe. Katika mwaka 1873 tabibu wa London aitwaye John Hughlings Jackson alisema kwamba kifafa ni kufyatuka kwa ghafula, na kwa kupita kiasi, kwa nguvu za sehemu ya kijivu ya ubongo. Aliyajua hayo kwa kuwaangalia wagonjwa tu, kwani hapakuwa na chombo cha kupimia. Chombo kilikuja baadaye: katika mji wa Jena, Ujerumani, Hans Berger aliyapima mawimbi ya umeme ya ubongo wa mwanadamu mara ya kwanza mwaka 1924, akayatangaza mwaka 1929. Na hata leo hospitalini, mgonjwa hubandikwa nyuzi kichwani, hasikii maumivu, na mashine huandika mawimbi yale, ambayo ni madogo hata hupimwa kwa sehemu za milioni moja za volti.

Ili jambo hili lifahamike, piga mfano wa soko la samaki wakati wa asubuhi. Huyu apatana bei na mwenziwe, yule apima, mwingine aitisha barafu, na kila mmoja asema lake na wa kwake. Kelele ziko, lakini kazi yafanyika. Sasa fikiri kwamba ghafula watu wote wa soko wapiga ukelele wa neno moja, kwa pamoja, wanyamaza, kisha wapiga tena, na tena. Kelele zimezidi kuliko kwanza, lakini hapana tena samaki anayeuzwa, wala mtu anayemsikia mwenziwe. Ndivyo ulivyo ubongo katika kifafa. Chembe nyingi ambazo zilikuwa kila moja na shughuli yake hufyatuka pamoja kwa mpigo mmoja. Nguvu huzidi, na maana hupotea.

Kuondoka kwa ufahamu kuna sura nyingi, nasi tutataja tatu.

Sura ya kwanza ni ile ijulikanayo na wote. Msukosuko huenea pande zote mbili za ubongo. Mgonjwa huanguka, viungo hukakamaa, na mara nyingine hutoa ukelele wa kutisha. Ukelele ule watu husema ni sauti ya pepo. Nao ni hewa tu iliyosukumwa kutoka kifuani kwa kukazana kwa misuli, ikapita kooni kwa nguvu. Kisha viungo hutukutika, pengine huuma ulimi, pengine mkojo humtoka. Aghlabu hayo huisha yenyewe kwa muda wa dakika moja hadi tatu, naye hubaki katika usingizi mzito au hali ya kutojitambua kwa muda.

Sura ya pili huwapata khasa watoto, nayo haina kuanguka wala povu. Mtoto anasoma, ghafula anyamaza katikati ya neno, macho yake yakodoa, kope zapepesa, husemi naye. Na baada ya sekunde kumi au ishirini aendelea kama kwamba halikutokea kitu. Hayo yaweza kumtokea mara nyingi kwa siku moja. Katika mwaka 1935 matabibu wa Boston, Gibbs na Davis na Lennox, walionyesha kwamba katika sekunde zile ubongo wa mtoto hutoa mawimbi makubwa yanayopiga mara tatu kwa kila sekunde, pande zote pamoja.

Hapa nawaelekea walimu wenzangu wa vyuo. Mtoto ambaye kila siku hukatika katikati ya aya, humwita haitiki, ukimpiga ashtuka asijue alipigwa kwa nini. Kabla hujamwita mvivu au mkaidi, jiulize: je, alikuwapo nilipomwita? Kiboko hakiwezi kumrudisha mtu ambaye hayupo. Mwalimu atakayeigundua hali hii na kumwambia mzazi ampeleke mtoto hospitali, amemfanyia mtoto yule ihsani kubwa kuliko kumsomesha juzuu nzima; kwani mtoto akitibiwa, juzuu ataisoma.

Sura ya tatu ndiyo inayowadanganya watu zaidi. Msukosuko huanza mahali pamoja tu, na mara nyingi ni katika sehemu ya ubongo iliyo upande wa panja, karibu na sikio. Mgonjwa haanguki. Macho yako wazi, lakini ukimwita haitiki. Atafuna na hali hana kitu mdomoni, apapasa vifungo vya kanzu, pengine ainuka akaenda, pengine atamka maneno yasiyo na mpango. Baada ya dakika moja au mbili ajirudia, wala hakumbuki.

Wataalamu walijiuliza muda mrefu: ikiwa msukosuko uko pembe moja tu ya ubongo, mbona ufahamu wote huondoka? Tabibu Hal Blumenfeld wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, pamoja na wenziwe, wamefuatilia jambo hili miaka mingi. Wameeleza kwamba msukosuko ule unapofika chini katika vina vya ubongo, huzizuilia sehemu zile ambazo kazi yake ni kuuweka ubongo macho. Basi sehemu za juu, ambazo hazikuguswa na kifafa chenyewe, huanza kutoa mawimbi ya polepole yanayofanana na ya mtu aliye katika usingizi mzito. Mtu yuwatembea na macho yako wazi, na ubongo wake u katika hali iliyo karibu na usingizi.

Na wako wengine ambao msukosuko wao haufiki huko, basi ufahamu hubaki. Lakini husikia harufu ambayo wengine hawaisikii, au hushikwa na khofu isiyo na sababu, au huona kama kwamba jambo hili lilikwisha kutokea zamani. Mpasuaji Wilder Penfield, aliyeanzisha Taasisi ya Neva ya Montreal, Kanada, mwaka 1934, alikuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa hali wako macho, kwani ubongo wenyewe hausikii maumivu. Alipougusa kwa umeme mdogo upande wa panja, baadhi yao walisema wasikia sauti au nyimbo. Chumbani hamkuwa na mwimbaji. Basi si kila asikiaye sauti amesemeshwa na kiumbe kingine.

Sasa turudi katika dini yetu. Kila mwanafunzi wa fikihi aijua hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi na wengineo, kwamba kalamu ya hesabu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala hata aamke, mtoto hata abaleghe, na aliyeondokewa na akili hata imrudie. Tazama jinsi aliyelala alivyowekwa mstari mmoja na aliyekosa akili. Hatusemi kwamba hadithi hii ilikuja kufundisha utabibu. Wala haifai kuivuta elimu ya watu, ambayo leo ni hivi na kesho yaweza kuongezwa, tukaifanya ndiyo ushahidi wa dini. Twasema tu kwamba Mola aliyeinua kalamu ndiye aliyeumba ubongo, na hukumu yake ni ya uadilifu: hamhesabu mtu kwa saa ambayo ufahamu haukuwa naye.

Na katika Suratu Zumar ametufahamisha Mwenyezi Mungu kwamba Yeye huzitwaa roho wakati wa kufa, na zile zisizokufa huzitwaa katika usingizi, kisha huzirudisha mpaka muda wake. Kila usiku, basi, twaondokewa na ufahamu na twarudishiwa. Mkeo akiweweseka usingizini humsaili pepo wake, wala humwiti fundi. Wamfunika shuka, wamwacha hata aamke. Kwa nini aliyeondokewa na ufahamu mchana, mbele ya watu, tumfanyie lisilokuwa hilo?

Zifuatazo ni hukumu tano zinazotokana na asili hii, kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi.

Ya kwanza: maneno yaliyomtoka mtu hali hana ufahamu hayana hukumu. Akitamka talaka haikuanguka. Akitamka neno la kufuru hakukufuru. Akimtaja fulani kuwa amemroga, maneno yale si ushahidi, na anayeyachukua akawagombanisha majirani amebeba dhambi ambayo mgonjwa hana.

Ya pili: akivunja chombo cha mtu hana dhambi, lakini thamani hulipwa katika mali yake, kwani haki za waja hazipotei.

Ya tatu: akizindukana, udhu wake umevunjika, naye atatawadha upya; na kukoga ni suna kwake. Akiwa amechafuliwa na mkojo, ataosha mwili na nguo. Akiwa aliangukia ndani ya sala, ataianza tena. Asione haya kwa hilo, na jamaa wasimtoe msikitini; wampishe mahali, wamletee maji.

Ya nne: wakati wa sala ukiwa umebaki, ataisali, ama ikiwa ufahamu ulimwondoka wakati wote wa sala ile tangu mwanzo hata mwisho, kuilipa si wajibu juu yake.

Ya tano, nayo yatukaribia kila mwaka: saumu ya Ramadhani. Dawa za kifafa hunywewa kwa saa zake, na kuziacha ghafula kwaweza kuleta kifafa kikali kisichokoma, hata kikaua. Mgonjwa amwendee tabibu kabla ya mwezi kuandama, aulize kama dawa yake yaweza kupangwa baina ya futari na daku. Ikiwa haiwezekani, ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani yenyewe: atakula, na atalipa siku nyingine; na ikiwa ugonjwa wake hautarajiwi kumpa nafasi ya kufunga, atatoa fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku. Anayejilazimisha kufunga hali amekatazwa na tabibu muaminifu, akaanguka akafa, hakumtii Mola wake. Kwani tumekatazwa kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu.

Hapa atasimama msemaji aseme: "Shekhe, wewe wakanusha majini, na majini yamo katika Qur'ani." Tutamjibu: haoi! Majini ni haki, na Suratul Jinni twaisoma. Lakini kuamini kuwa majini wako ni jambo moja, na kusema kwamba mtoto huyu, leo, hapa, ameshikwa na jini fulani anayetaka kuku mwekundu, ni jambo jingine. La kwanza ni imani. La pili ni kudai kuijua ghaibu, na ghaibu haijui ila Mwenyezi Mungu. Na Mtume (S.A.W.) ametuonya, katika hadithi aliyoipokea Muslim, kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza, sala yake haikubaliwi masiku arubaini. Wala hatukatazi kumsomea mgonjwa Fatiha, na Ayatul Kursiyyu, na Kul-audhu mbili. Hizo ni dua, na dua ni silaha ya Muumini. Lakini msomaji wa kweli hamkatazi mgonjwa dawa, hampigi, hamfungi kamba, wala hauzi aya kwa bei ya mbuzi. Aliyetwambia tuombe dua ndiye aliyetuamrisha tujitibu, akatufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa.

Atasema tena: "Lakini fulani alipigiwa ngoma, akazindukana papo hapo." Nasi tumekwisha kusema kwamba kifafa kwa kawaida huisha chenyewe kwa dakika chache. Wazee wetu walinena: jogoo awike asiwike, kutakucha. Fundi aliyefika dakika ya pili, akapiga ngoma dakika ya tatu, ameyakuta mapambazuko, kisha akayatoza ada.

Ama sababu za ugonjwa huu, zajulikana nyingi, na baadhi zake zazuilika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa pahali patano Afrika, na Kilifi yetu ikiwamo pamoja na Ifakara ya Tanzania na Iganga ya Uganda, ulionyesha kwamba kifafa chafuatana sana na taabu za wakati wa kuzaliwa, na majeraha ya kichwa, na vijidudu vinavyoingia mwilini. Na malaria kali iliyopanda kichwani yaweza kumwachia mtoto kifafa baada ya homa kwisha. Basi mzazi anayempeleka mkewe hospitali kujifungua, anayelaza watoto wake ndani ya chandarua, anayemvalisha kofia ngumu kijana wake wa pikipiki, huyo anakinga kifafa. Na mtoto mchanga akishikwa na lile tuliitalo dege kwa sababu ya homa, asingojewe mganga. Apelekwe hospitali saa ile, kwani nyuma ya homa yaweza kuwa malaria au maradhi ya utando wa ubongo. Watoto wengi wa namna hiyo hawawi na kifafa ukubwani.

Na dawa ziko. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba wenye kifafa ulimwenguni ni yapata milioni 50, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila ya kuanguka lau wangepimwa na kutibiwa vizuri. Na katika nchi maskini, robo tatu ya wagonjwa hawapati matibabu. Dawa iitwayo fenobabitoni imekuwa ikitumika tangu mwaka 1912, nayo ni katika dawa za bei nafuu. Hesabu, ewe ndugu, gharama ya ngoma moja ingenunua dawa za miezi mingapi.

Basi haya ndiyo anayotudai aliyeanguka.

Usimkimbie; kifafa hakiambukizi kwa povu wala kwa pumzi. Mwondoe karibu na moto, maji na vitu vikali. Mwekee kitu laini chini ya kichwa, mlegeze shingo. Usimtie kitu kinywani, si kijiko, si kitambaa, si maji, si dawa. Usimzuie viungo kwa nguvu. Mtukutiko ukilegea, mlaze ubavu, mate yapate kutoka. Angalia saa: ukipita muda wa dakika tano na hajatulia, au akianguka tena kabla hajazindukana, mpeleke hospitali mbio. Na msitiri. Kanga moja iliyotandwa juu ya mwili wa mwanamke aliyeanguka sokoni ni kutekeleza lile lile aliloliomba bibi yule kwa Mtume (S.A.W.). Yeye aliombewa, sisi tuna mikono. Kisha kaa naye mpaka akujue, umwambie kwa upole yaliyotokea. Usimfanyie mzaha, usimpige picha.

Na baada ya hapo, mpe maisha yake. Aende skuli, aende chuo, aoe au aolewe kwa kuelezana ukweli baina ya jamaa pande zote mbili, kwani kuficha ni hadaa. Mwenye kuanguka bado asipande mnazi, asizamie baharini peke yake, asiendeshe gari, mpaka tabibu amruhusu. Hayo ni kulinda roho, wala hayampunguzii utu wake. Na mwanamke mwenye mimba asiache dawa wala asianze mpya bila ya kuuliza.

Ndugu zangu, hapana mmoja wetu aliye na hati ya kumiliki ufahamu wake. Tumeazimwa. Homa moja, au ajali moja ya barabarani, yatosha kumfanya aliyesimama leo awe aliyelala kesho. Basi umfanyie aliyeanguka vile ambavyo ungependa watu wakufanyie katika dakika ambazo huwezi kujiombea lolote.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wasitiri waliofunukwa, watie nguvu wazazi wenye kukesha, na utujaalie kuwa watu ambao aliyeondokewa na ufahamu wake akiwa baina yao huwa katika amani mpaka umrudishie. Amin.

Wabillahi tawfiki.